Manuizo madogo ya kuinua jiwe la chumvi: uzito wake uende wapi?

MwalimuWaKasese

Hamjambo wapenzi wa hadithi. Nafundisha Kiswahili sekondari hapa Kasese, magharibi mwa Uganda, na kila Alhamisi jioni nakaa na chama chetu cha Kiswahili, watoto wa kidato cha kwanza na cha pili, tukisoma hadithi ninayoiandika mwenyewe sura baada ya sura. Tangu Baraza la Mawaziri lipitishe Julai 2022 kwamba Kiswahili kiwe lugha rasmi na kifundishwe kwa lazima, hamu imeongezeka, lakini vitabu vya hadithi vinavyotufikia vingi ni vya pwani: mashua, minazi, karafuu. Watoto wangu wamekulia kati ya mlima wenye theluji na ziwa la chumvi. Nataka wakisoma Kiswahili wajikute humo.

Nchi ya hadithi ni ya kubuni. Kuna ziwa la chumvi ndani ya shimo la volkano, nimelichora nikiwa natazama Katwe, ziwa la chumvi la huku kwetu. Wanaume wanaingia majini kubandua mabamba ya chumvi mwamba kwenye sakafu ya ziwa, na wanawake wanakusanya chumvi nyeupe kwenye vidimbwi vya ukingoni. Katika nchi hiyo manuizo, yaani maneno ya kutamka ili kitu kitii, ni ufundi kama ufundi mwingine wowote. Yapo ya kuwasha kuni mbichi, ya kutuliza mbwa mkali, ya kukausha nguo wakati wa masika. Yale makubwa walikuwa nayo wafalme wa kale na yamezikwa nao. Yaliyobaki ni haya ya nyumbani, bibi anamwachia mjukuu.

Msichana wangu anaitwa Biira, mtoto wa kike wa pili, kama tunavyoitana huku. Amerithi manuizo ya namna moja tu, ya kuinua. Anaweka kiganja cha kushoto juu ya kitu, anavuta pumzi, anasema, "Amka ndugu yangu, twende," na kitu kinaamka. Baba yake ameumia mgongo, kwa hiyo Biira anaingia ziwani mahali pake, jambo ambalo wasichana wa pale hawalifanyi.

Wiki iliyopita msichana mmoja wa nyuma akanyoosha mkono: "Mwalimu, kama anaweza kuinua bamba la kilo hamsini, kwa nini asiinue chelezo kizima na chumvi yake? Na yule adui yake, mtoza ushuru, kwa nini asimwinue akamtupe huko?" Darasa lote likanigeukia. Swali zuri sana, na lazima lijibiwe ndani ya hadithi. Nikisema tu "kwa sababu haiwezekani" nitakuwa nimewadharau.

Kwa sasa nimeandika kwamba Biira anachoka kadiri kitu kinavyopanda juu. Naona haitoshi. Mpaka wa manuizo haya uwe wapi, alipe nini, na ule uzito ukishaondoka kwenye jiwe unakwenda wapi? Neno moja ninalolishikilia: yabaki madogo. Sitaki hadithi ambayo manuizo yanakua kila sura mpaka msichana anarusha milima. Hawa ni watoto wa wachimba chumvi, wa wavuvi, wa wauza ndizi. Nikiwaandikia kwamba kazi ya wazazi wao inaondolewa kwa kutamka maneno manne, nitakuwa nimewatukana wazazi wao. Kazi ibaki kazi, manuizo yaisaidie tu.

Afande_Bombo

Mwalimu, salamu kutoka Bombo. Mjukuu wangu alinisomea sura mbili ulizoweka hapa na tumezipenda. Mimi nakuuliza kama mtu aliyeshika silaha miaka mingi: huyo mtoto akirushiwa mkuki anaweza kuuinua upite juu ya kichwa chake? Kama anaweza, basi vita vyote katika hadithi yako vimekwisha kabla ya kuanza. Funga mlango huo mapema. Adui asiyeweza kumdhuru shujaa hana kazi hadithini.

MwalimuWaKasese

Asante sana Afande. Kiganja lazima kiguse, kwa hiyo mkuki ulioko hewani hawezi. Lakini umenifanya nione kwamba sijaliandika wazi mahali popote. Nitaliandika.

Dadu20

Mwalimu shikamoo. Mimi niko Ntinda, Kampala. Jumamosi tunakutana vijana watano, wawili wa Arua, mmoja wa Goma, tunacheza michezo ya kuigiza ya mezani, ile ya dadu na karatasi. Kiswahili ndiyo lugha inayotukutanisha sote, kwa hiyo mambo ya manuizo tunayajadili kwa Kiswahili mpaka usiku.

Nikuonyeshe jinsi wenzetu walivyolitatua swali lako. Dungeons & Dragons, mchezo uliotolewa mwaka 1974 na Gary Gygax na Dave Arneson, una manuizo madogo ambayo hata mwanafunzi wa kwanza wa uchawi anakuwa nayo: mkono wa kichawi unaotokea hewani na kushika vitu. Katika toleo la 2014 mkono huo haubebi zaidi ya paundi 10, yaani kama kilo nne na nusu. Unafika futi 30, unadumu dakika moja, halafu unapotea. Hauwezi kumpiga mtu. Basi. Mtu anaweza kufungua mlango kwa mbali, kuchukua ufunguo mezani, kumimina maji ya chupa. Na kwa sababu una mipaka hiyo, wachezaji wanaupenda kuliko moto na radi. Nimeona watu wakibishana robo saa nzima kama mkono unaweza kuvuta kigingi kinacholizuia gogo. Kigingi ni chepesi, gogo ni zito, na sheria inasema kilo nne na nusu. Unaweza! Gogo linaporomoka lenyewe.

Katika mchezo huohuo yapo manuizo makubwa zaidi ya kuelea. Hayo yanainua hadi paundi 500, karibu kilo 227, ila yanampandisha na kumshusha mtu tu, juu na chini. Aliyeinuliwa akitaka kwenda mbele lazima ashike ukuta au tawi ajivute. Mimi naona hapo ndipo pana utamu wote. Kizuizi kimoja cha ajabu, na mchezaji mzima anaanza kufikiri.

Kwa hiyo ushauri wangu: weka namba. Namba moja, useme mapema, usiivunje hata siku Biira analia. Watoto wakishaijua namba wataanza kuifanyia hesabu wenyewe, watakuja na mbinu ambazo hukuziwaza. Kuhusu mtoza ushuru, sema manuizo hayashiki kitu chenye pumzi. Mbuzi hapana, samaki hapana, mtu hapana. Umemaliza.

Mwanafizikia_FortPortal

Mwalimu mwenzangu, mimi nipo jirani yako Fort Portal, fizikia na hisabati. Nakubaliana na Dadu20 kuhusu namba, ila namba usiiokote tu. Acha nikufanyie hesabu, kwa sababu ziwa lako la chumvi limeshakupa karibu majibu yote.

Nianze na malipo. Umesema anachoka kwa urefu. Kuinua kilo 50 kwa mita moja kunataka nishati ya jouli 490 tu, yaani 50 mara 9.8 mara 1. Kijiko kimoja cha chai cha sukari, gramu nne hivi, kina jouli elfu sitini na kitu. Mwili ukifanikiwa kugeuza hata robo yake kuwa kazi, kijiko hicho kinatosha kuliinua bamba lako mita moja zaidi ya mara thelathini. Maana yake urefu ni bei rahisi mno. Ukiandika kwamba Biira amezimia kwa kuinua jiwe mita mbili, mtoto mwenye akili atakuuliza kwa nini hakunywa chai ya sukari kwanza.

Kinachomchosha mtu kwa kweli ni kushikilia. Mwambie mwanafunzi yeyote anyooshe mkono mbele akiwa na kitabu, akae hivyo. Kitabu hakipandi wala hakishuki, kwa hesabu yetu hakuna kazi inayofanyika, lakini baada ya dakika chache bega linawaka moto. Misuli inakula chakula muda wote inapokaza, hata kama kitu kimesimama palepale. Kwa hiyo malipo ya Biira yahesabiwe kwa muda. Pumzi moja ni sawa. Pumzi tano anaanza kutetemeka. Hapo umepata mvutano katika kila tukio bila kuongeza uchawi wowote, kwa sababu kila mara anashindana na pumzi yake mwenyewe.

Sasa uzito unakwenda wapi. Katika dunia yetu hauendi popote pasipo mtu au kitu cha kuubeba. Ukiinua mtoto ukiwa umesimama kwenye mizani, mizani inasoma wewe na mtoto. Fanya hivyohivyo kwa Biira: akiinua, uzito unapita kwake na kushuka kwenye nyayo zake. Akiwa amesimama kwenye tope, anazama kwenye tope. Akiwa juu ya chelezo chenye eneo la mita mbili za mraba, kilo 50 zitakididimiza sentimita mbili hivi. Msichana wako wa nyuma aliyetaka kuinua chelezo kizima amejibiwa: anasimama wapi akikiinua? Akiwa juu yake, anajibebesha mwenyewe kitu anachokikanyaga, na hakiinuki hata unywele.

La tatu ndilo ninalolipenda kuliko yote. Chumvi mwamba ina uzani wa kama kilo 2.16 kwa lita. Maji yaliyokolea chumvi kabisa yanakaribia kilo 1.2 kwa lita, mazito kuliko maji ya mto. Bamba la kilo 50 likiwa limezama linasukumwa juu na maji kwa uzito wa kilo 28 hivi, ile kanuni ya Archimedes tunayoifundisha. Mikononi linabaki kilo 22. Linapotoka juu ya maji zile 28 zinarudi zote. Basi Biira akiwa chini ya maji ni hodari, na hewani anakuwa mtoto wa miaka kumi na mitatu. Huhitaji kubuni mpaka, uso wa maji ndio mpaka wenyewe.

Dadu20

Mwalimu wa fizikia, hii ya uso wa maji naiiba kwa ajili ya Jumamosi. Nimeshampigia simu mwenzangu wa Arua kumwambia.

Mama_Mawokota

Wanangu, mimi si mtu wa hesabu. Nimestaafu ualimu wa msingi, naishi Mpigi, na nimesimulia hadithi kwa watoto muda mrefu. Nataka kuongeza jambo kuhusu mpaka.

Huku kwetu Mawokota ndipo ilipo Mbaale, na kila mtoto amesikia habari za Kibuuka, shujaa aliyetoka visiwa vya Ssese kumsaidia Kabaka Nakibinge kupigana na Wanyoro. Alikuwa anaruka. Alipanda juu ya mawingu akawanyeshea adui mishale, na wao hawakujua inatoka wapi. Uwezo mkubwa kabisa, Mwalimu, na ukimsimulia mtoto hapo tu atapiga makofi kisha atasahau. Lakini hadithi haikuishia hapo. Aliambiwa asichukue mwanamke wa mateka. Akachukua. Yule mwanamke akaona, akawaambia watu wake watazame juu. Wakalenga mawinguni, akajeruhiwa, akaangukia mti pale Mbaale akafa. Masalio yake yalikwenda Cambridge, Uingereza, wakati wa ukoloni yakarudishwa Uganda mwaka 1962. Hiyo ndiyo sehemu ambayo watoto wanaiomba tena na tena: nani alijua, alijuaje, alimwambia nani.

Kwa hiyo namba ni nzuri na fizikia ni nzuri, ila ujiulize pia ni nani katika hadithi yako anayeujua mpaka wa Biira. Mtoza ushuru siku akigundua kwamba mtoto huyu ana nguvu ndani ya maji tu, atafanya nini? Mimi ningekuwa yeye ningemwita nchi kavu. Ningemwambia, njoo uchukue cheti cha baba yako ofisini. Hapo ndipo mjukuu wangu angeacha kula.

Na hili la uchawi, kwa kuwa najua wazazi watakuja kukuuliza. Waalike wasikilize. Wakiona ni msichana anayemsaidia baba yake kubeba chumvi, wataelewa. Usiwafiche, na usitumie neno "uchawi" kwa kazi ya Biira, maana kwa wazazi wengi wa hapa neno hilo lina maana ya mtu anayeua watoto wa jirani usiku.

MwalimuWaKasese

Mama, nakushukuru kutoka moyoni. Mzazi mmoja ameshakuja, na nilimpa sura ya kwanza akaketi chini ya mwembe akaisoma yote. Aliniuliza tu kwa nini baba wa Biira hana jina. Nitampa jina.

Mwalimu wa Fort Portal, nimesoma hesabu yako nikiwa na kalamu. Bado kuna kitu kimoja kinanizuia. Kama maji yanambebea zaidi ya nusu, na mwanamume mzima anaweza kuinua kilo 22 bila manuizo yoyote, kwa nini basi kazi ya kule ziwani inawavunja watu migongo? Nimewaona wanaume wa Katwe wakitoka majini. Hizo si sura za watu walioinua kilo 22.

MtotoWaKatwe

Mwalimu, nilikuwa nasoma tu bila kuandika, lakini swali lako la mwisho ni langu.

Nimezaliwa Katwe. Baba yangu alikuwa wa mwamba, mama ana vidimbwi vyake mpaka leo. Mwamba hauchukuliwi kama mtu anayeokota jiwe barabarani. Kwanza huuoni. Maji ni ya rangi ya chai iliyochacha, mazito, yana harufu ya mayai mabovu. Unatembea polepole, yanafika kiunoni, mahali pengine kifuani, na unatafuta kwa nyayo. Baba alikuwa anasimama, anafunga macho kabisa, anasugua mguu huku na huku mpaka anasema "hapa". Chini kuna ukoko wa chumvi umelala juu ya tope jeusi. Unachukua mtaimbo, unapiga mpaka ukoko unapasuka vipande. Na sasa, Mwalimu, ndipo migongo inapovunjika: kipande kimepasuka pande zote nne lakini hakitoki. Kimeng'ang'aniwa na tope. Unavuta, hakiji. Mnavuta wawili, hakiji. Vijana wapya wanavuta kwa hasira wakidhani ni uzito, na hapo ndipo mtu anasikia kitu kimekatika kiunoni. Maji yenyewe wakati huo yanakula kila mkwaruzo ulio nao mwilini. Chumvi ya pale haina huruma na ngozi.

Baba alikuwa ananiambia: usilivute juu, liulize linataka kufunguka upande gani. Unaingiza ncha ya mtaimbo chini ya pembe moja, unaegemea kidogo, unangoja. Ukingo unainuka kama upana wa vidole viwili. Unasikia "pwaa" chini ya mguu, maji yameingia. Baada ya hapo bamba linakuja kama mtoto anayeamshwa, unalisukuma kwa goti mpaka kwenye chelezo.

Kwa hiyo mimi nilipokuwa nasoma sura yako ya pili, pale Biira anapoliinua bamba zima moja kwa moja kutoka chini, nilisema moyoni huyu mtoto hajafika Katwe. Asiinue bamba. Ainue ukingo mmoja. Vidole viwili, pumzi moja. Kazi iliyobaki ni ya mikono na goti, kama sisi.

Mwanafizikia_FortPortal

MtotoWaKatwe, kaka, umenifundisha. Niiweke kwenye namba ili Mwalimu aone jinsi baba yako alivyokuwa sahihi.

Maji yanasukuma kitu juu kwa sababu yapo chini yake. Kama bamba limelala juu ya tope na maji hayawezi kupita chini, hakuna kinachosukuma kwenda juu, na maji yote yaliyo juu yake yanalikandamiza. Chukua bamba la sentimita 60 kwa 40, unene sentimita 10, hilo ni la kilo kama 52. Likiwa na mita moja ya maji mazito juu yake, maji hayo peke yake ni kilo karibu 290. Jumlisha na bamba lenyewe unapata karibu 340, bila hata kuhesabu hewa. Tope la kweli halizibi kabisa kiasi hicho, maji yanapenya kidogokidogo, lakini unaona kwa nini vijana wawili wanavuta na halitoki.

Mara ukingo unapoinuka na maji kuingia, hesabu inageuka. Bamba linarudi kuwa la kilo 22 au 23. Na kwa kuwa upande mmoja bado umeegemea chini, anayeinua ukingo anabeba kama nusu tu ya hizo, kilo 11 hivi, nusu jerikani ya maji. Kutoka 340 hadi 11 kwa upana wa vidole viwili.

Manuizo ya kilo 11 kwa pumzi moja, Mwalimu. Ndiyo hiyo namba ambayo Dadu20 alikuwa anaitafuta, na imetoka ziwani.

Dadu20

Ni kile kigingi! Kitu chepesi kinachoachilia kizito. Naomba radhi kwa kupiga kelele.

Lakini Mwalimu wa fizikia, kuna shimo hapa. Ule mwanzo kabisa, kabla maji hayajaingia, nani anaufungua? Kama bamba limeshikwa kwa mamia ya kilo na Biira ana 11 tu, ataanzaje?

Mwanafizikia_FortPortal

Kwa mtaimbo. Mtaimbo wa mita moja na nusu ukiegemezwa sentimita tano kutoka nchani, mkono wa mtu unazidishwa karibu mara 29. Kilo 11 zikiwa kwenye mpini zinakuwa zaidi ya 300 kwenye ncha. Kwa hiyo asiliguse bamba kabisa, auguse mtaimbo. Manuizo ayaelekeze kwenye chuma.

MtotoWaKatwe

Ila egemeo usiliweke kwenye tope, litazama. Sisi tunaweka kipande cha mwamba kilichovunjika, kile kisichouzika.

Afande_Bombo

Na huyo mtoza ushuru je? Chuma chake hakiwezi kuinuliwa?

MwalimuWaKasese

Afande, kiganja kiguse, kilo 11, pumzi moja. Kama ataweza kuugusa mkuki wa mtu akiwa hai, basi ameutafuta kwa haki.

Wapendwa, nimekaa usiku wa jana nikaandika upya ukurasa ule wa sura ya pili. Nauweka hapa kabla ya Alhamisi mnisomee, hasa wewe MtotoWaKatwe.

"Biira alifumba macho. Mguu wake wa kulia ulitambaa juu ya ukoko, ukafika kwenye ufa, ukaufuata mpaka kwenye pembe. Hapa. Kabarole, rafiki wa baba yake, alikuwa ameshavuta mara mbili na sasa alikuwa ameinama, mikono magotini, akihema. 'Liache,' alisema. 'Hili limeolewa na tope.' Biira hakujibu. Alisukuma kipande cha mwamba chini ya mtaimbo, akaweka kiganja cha kushoto juu ya chuma, karibu kabisa na mwisho. Chuma kilikuwa na joto la maji. Akavuta pumzi. 'Amka ndugu yangu, twende.' Uzito ulimshukia mabegani na kupita mpaka kwenye visigino, na nyayo zake zikaanza kuzama topeni, taratibu. Alijua kwamba pumzi ikiisha na maji hayajaingia, atabaki amenasa hapo kama bamba lenyewe. Kifua kilianza kuuma. Kisha chini, mbali, kitu kikasema pwaa."

Nimeacha manuizo yaleyale, maneno yaleyale. Kilichopungua ni ukubwa, na naona msichana amekua. Swali la Mama wa Mawokota nimelitengea sura yake: mtoza ushuru anamwona Biira anatoka majini akitetemeka, na anaanza kuhesabu. Itakuwa sura ya tano.

Lililobaki ni msimu. Nimeandika tukio hili katikati ya masika. Inawezekana?

MtotoWaKatwe

Mwalimu, nimeusoma kwa mama kwa sauti. Alisema "pwaa" ameisikia.

Masika hapana. Mvua ikinyesha ziwa linajaa maji matamu, chumvi inayeyuka, ukoko unakuwa laini na watu wengi wanakwenda kulima au kuvua. Mwamba ni wa kiangazi, Januari na Februari, halafu Julai na Agosti. Hapo jua likiwa kali ndipo wanunuzi wanapokuja na malori, wengine kutoka Kongo. Ukiweka kiangazi, mtoza ushuru pia atakuwepo, kwa sababu fedha ipo. Kwenye masika angekaa nyumbani kwake.

Kingine kidogo. Umesema mguu wa kulia unatafuta na kiganja cha kushoto kinashika. Sawa, ila akishaupata ufa auondoe mguu pale kwenye pembe kabla hajasema maneno. Bamba likifunguka linateleza upande wa pembe iliyoinuka, na vidole vya mguu vikiwa chini yake vinakwenda. Baba alikuwa na viwili pungufu. Mwandike arudi nyuma hatua moja, asimame upande wa mpini.

MwalimuWaKasese

Nimebadilisha vyote viwili, ni Februari na amerudi nyuma hatua moja. Na baba wa Biira, ambaye hakuwa na jina, sasa anaitwa Bwambale. Naomba nimpe na miguu ya baba yako, kama mama ataridhia.

MtotoWaKatwe

Ameridhia. Anasema uandike ni mguu wa kushoto.